Sensa (kihisi) ya faiba ya plastiki na asali ya mjomba: nilipofika mpaka sasa

Jumamosi ya kwanza

Nimetoka Kariakoo na waya wa optiko, ule wa kuunganisha TV na saundiba, nimekata vichwa vyote viwili na lile ganda jeusi nimelichuna kwa wembe, ndani kuna uzi wa plastiki unaong'aa, ndiyo faiba yenyewe, uzi wa kupitisha mwanga, unene milimita 1, mgumu kiasi kama mshipi wa kuvulia samaki wakubwa. Jamaa aliyeniuzia angeniona angelia.

Chanzo cha haya yote ni mjomba wangu wa Tabora. Anafuga nyuki na mwaka jana ndoo mbili zilimchachia. Asali ikizidi maji inachacha, kikomo kinachotumika kimataifa ni maji asilimia 20, na njia ya kawaida ya kujua maji yamo kiasi gani ni kuangalia mwanga unapinda vipi ukiingia kwenye asali, yaani rifraktivu indeksi. Maji matupu yako 1.333. Asali yenye maji asilimia 18 iko 1.4915, ya asilimia 20 iko 1.4865. Najua rifraktomita za mkononi zipo, unadondosha tone, unachungulia, umemaliza. Ila mimi nataka kitu ninachochovya kinanipa namba kwenye laptop, na kusema ukweli nilikuwa natafuta kisingizio tu cha kuchezea faiba.

Jumapili

Uzi huu una kiini cha PMMA, plastiki ileile ya pleksiglasi, indeksi yake 1.49 hivi, halafu juu yake kuna utando mwembamba sana kama maikromita 10 wenye indeksi ya 1.40. Wazo langu lilikuwa nitoe utando sentimita mbili katikati, nichovye kwenye kimiminika, mwanga uvujie humo, upande wa pili nipime uliobaki. Kimiminika chenye indeksi kubwa kivujishe zaidi.

Nikatumia dawa ya kutolea rangi ya kucha ya wife, yenye asetoni. Kosa. Utando ulitoka lakini na kiini nacho kikawa cheupe kama kimepigwa ukungu, ukikikunja kinapasuka nyufa ndogondogo kak kak kak. Kipande cha pili nikatumia msasa laini namba 1000 nikamalizia na 2000 huku nauzungusha uzi kwenye maji, polepole, dakika kama ishirini, hapo ndo ikakubali.

Nikachovya. Hewani namba fulani, kwenye maji namba ileile. Nikaweka maji ya sukari, namba ileile! Nikadhani Arduino, ile kompyuta ndogo inayonisomea namba na kuzipeleka kwenye laptop, imekufa.

Jumapili usiku, sijalala

Kumbe kosa ni la hesabu. Ukipima pembe kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta wa uzi, utando unabakiza ndani miale iliyozidi nyuzi 70 tu, mingine imeshamwagika njiani kabla haijafika kwenye sehemu niliyokwangua. Maji yenyewe yanavujisha miale iliyo chini ya nyuzi 63. Sasa kama kila mwali unaofika pale umeshavuka 70, maji yatamkamata nani? Faiba iliyonyooka haioni chochote chenye indeksi chini ya ule utando wake, hata ukikwangua mpaka kesho.

Dawa yake ni kuukunja. Kwenye kona miale inagonga ukuta ikiwa imesimama zaidi, na hapo ndo maji na sukari vinapata cha kuvujisha. Nimechemsha maji, nikaacha yapoe kidogo, nikachovya uzi na kuukunja kwenye mwili wa kalamu ya bic mpaka ukawa kama herufi U, nikaushika hivyohivyo chini ya bomba upoe. Ukikunja wa baridi unavunjika, nimeshavunja wawili.

Jumatano

Leo imefanya kazi aisee. Upande mmoja taa ya LED nyekundu, upande wa pili fotodayodi (kijicho kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na ADS1115 (kipande kinachosoma umeme huo kwa hatua ndogondogo zaidi) maana zile hatua 1023 za Arduino peke yake ni chache mno. Nawasha taa nasoma, nazima nasoma, natoa moja kwenye nyingine ili mwanga wa chumbani usiniharibie, halafu nachukua wastani wa mara 50.

Hewani 21,400. Kwenye maji 15,900. Nikacheka peke yangu jikoni.

Sukari nimepima kwa uzito, gramu 20 sukari na 80 maji inakuwa Brix 20 (yaani sukari asilimia 20 kwa uzito), ambayo indeksi yake kwenye majedwali ni 1.3639, halafu Brix 40 ni 1.3997 na Brix 60 ni 1.4418. Majedwali ni ya nyuzi joto 20, jikoni kwangu ni 31, nitarudi hapo. Namba zilishuka kwa mpangilio mzuri isipokuwa ya 40 ambayo ilikuwa inapanda badala ya kushuka, nimehangaika nusu saa nabadilisha waya, nacheza na resista, mpaka nikaleta tochi ya simu nikainama kuangalia: kipovu cha hewa kimekaa juu kabisa ya mkunjo, kadogo kama punje ya ulezi. Sensa ilikuwa inapima hewa. Nikakigusa na kijiti cha meno kikaondoka, namba ikashuka palepale mbele ya macho yangu. Sasa hivi maji ya sukari nayaacha yatulie kwanza na nachovya kwa kulaza.

Na jambo lingine, kila baada ya sukari nasuuza na kurudi kwenye maji, isiporudi 15,900 na kitu sipimi kingine. Usiku niliacha vikombe mezani, asubuhi sisimizi wamefanya mkutano mkuu. Wife hajaniongelesha mpaka saa nne.

Jumamosi ya pili

Asali ya mjomba imefika na basi. Nimechovya kwa heshima zote. Namba ikaanguka mpaka karibu na chini kabisa, giza. Nikachukua asali niliyonunua barabarani, nyepesi inaonekana kabisa kwa macho, na yenyewe giza.

Nilitakiwa nilione hili tangu siku ya kwanza, nimeandika mwenyewe hapo juu: kiini 1.49, asali 1.49. Mwanga ukifika ukutani haujui kama umetoka kwenye plastiki, unapita tu kama hakuna mlango. Ukiichovya U kwenye glasi ya asali na ukaangalia kwa pembeni, ile sehemu iliyokwanguliwa inapotea, huioni. Kizuri kukiangalia, hasara kwangu.

Faiba ya kioo sidhani ingeniokoa, ya kawaida kiini chake ni kama 1.46, ndo chini zaidi. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, vipi kidude kimesemaje asali yangu?"

"Kimepofuka mjomba."

Akacheka sana. Halafu akauliza, "Sasa si uipunguze makali kwa maji?" Mtu hajawahi kushika Arduino maishani.

Jumapili

Asali gramu 20, maji gramu 20, koroga. Asali yenye maji asilimia 18 inashuka mpaka kama Brix 41, indeksi 1.40 na kidogo, pale pale ambapo sensa yangu inaona vizuri. Ila bei yake ipo. Asilimia moja ya maji kwenye asali sasa ni tofauti ya 0.001 tu. Na mizani ya jikoni ukikosea gramu moja umeshadanganywa asilimia mbili nzima za maji, kwa hiyo nimeazima mizani ya sonara jirani. Joto nalo likibadilika nyuzi tano au sita linakula ile 0.001 yote, ndo maana vikombe vyote, vya sukari na vya asali, vinakaa kwenye beseni moja la maji saa nzima kabla ya kupima.

Ya mjomba imekaa jirani kabisa na kikombe cha Brix 41. Ya barabarani iko chini, kati ya 39 na 40, ikimaanisha maji yanazidi asilimia 20. Nimerudia mara tatu, ya tatu ilitofautiana kidogo, sijui kama ni joto au mkono wangu.

Mjomba sasa anataka kujua kama hiki kidude kitamkamata jirani yake anayechanganya sirapu ya sukari. Nimemwambia hapana, sirapu ikiwa na maji sawa na asali inapinda mwanga karibu sawasawa, hiki kinaona maji tu, uongo hakiuoni. Hajafurahi.

Kilichobaki ni kubandika kipimajoto cha DS18B20 pembeni ya U, na kuongeza uzi wa pili mkavu unaosoma LED ileile ili nione taa yenyewe ikibadilika, kwa sababu leo mchana 15,900 yangu imekuwa 15,640 bila kuguswa na mtu.