Siku Mama Alipomsaili Muuguzi

Majira ya baridi yaliyotangulia mwanangu alilazwa. Ana pumu, na homa ya mafua ilipomshuka kifuani, pampu yake ya buluu haikufua dafu. Nilimwona akivuta pumzi kwa mbavu zote, barakoa ya oksijeni usoni, na mama yangu amekaa pembeni ya kitanda akimsomea dua hadi sauti ikamkauka. Kwa hiyo fomu ya chanjo ya mafua ilipotoka shuleni, hapa Northampton, Uingereza, mimi sikuwa na la kujiuliza. Aliyekuwa na la kuuliza ni mama, na swali lake lilikuwa na msingi.

"Mwanangu, hii si ile ya puani yenye nguruwe?"

Ndiyo yenyewe. Chanjo wanayopuliziwa watoto wa shule Uingereza ina jelatini ya nguruwe, yaani protini itolewayo mwilini mwake, inayowakinga wale virusi waliodhoofishwa wasiharibike kabla ya kutumika. Wapo wanazuoni wanaoiruhusu, kwa hoja kwamba kitu kimeshageuka umbile lake na ni dawa. Wapo wasioridhika nayo. Wazazi wengi niliowajua walikuwa wanatia alama ya kukataa na kurudisha fomu, basi. Jambo hilo liliniuma sana, kwa sababu ipo sindano isiyo na jelatini, na mzazi akiiomba anapatiwa mwanawe. Mtoto mwenye pumu hakukosa njia. Kakosa wa kumuulizia.

Nikapiga simu, tukapangiwa siku. Mama naye nikamwandikisha, maana aliyefika miaka 65 huchanjwa bure.

Muuguzi alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Mama akaanza kumsaili, mimi mkalimani. Kwanza: mbona kila mwaka? Surua tulichanja utotoni, tukamaliza. Muuguzi akavuta kiti. Akasema virusi wa mafua hawatulii, hubadilika sura, na kinga ya mwaka jana nayo hupungua mwilini. Ndiyo maana kila Februari wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana wakatazama aina zinazozunguka, wakachagua zipi ziingie kwenye chanjo ya majira ya baridi ya huku kaskazini. Septemba hukutana tena kwa ajili ya nchi za kusini.

"Kumbe kama kanga," mama akasema, "kila msimu zinatoka nyingine." Nikatafsiri, nikalazimika kueleza na kanga ni nini.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Shoga yake alichomwa, wiki ileile akaumwa. Muuguzi hakumkatalia. Alisema virusi wa kwenye sindano wameshauawa, hawawezi kumwambukiza mtu. Ila mwili huhitaji kama wiki mbili kujenga kinga, na katika muda huo mtu anaweza kupata mafua kutoka kwingine. Tena kuna virusi wengine wengi wa mafua ya kawaida ambao chanjo hii haiwahusu. Akaongeza kwamba hata aliyechanjwa anaweza kuugua, lakini uwezekano wa kulazwa hupungua. Nilimheshimu kwa kutoahidi zaidi ya hapo. Ahadi kubwa kupita kiasi ndizo zinazowafanya watu wetu wasiamini tena.

Mama akakunja mkono wa baibui. "Nianze mimi, mume wangu anione," akasema, akimtazama mjukuu wake. Akachomwa bila kupepesa. Mtoto akafuata, akalia kidogo, na usiku mkono ukamuuma. Asubuhi akaenda shule.

Ijumaa ile mama alikaa na kina mama wenzake baada ya sala, akawaeleza habari ya sindano, na jioni simu yangu ikawa haitulii: tuombe vipi, tumpigie nani. Kisha akampigia mdogo wake Unguja, aliyekuwa akijiandaa kwenda Hija. "Ile ya uti wa mgongo utachomwa, ni lazima," akamwambia. "Lakini waulize na ya mafua. Usingoje wakwambie wao."