Shibiti si shamari, wala si mchicha

Naanza na kosa, maana ndilo lililonila miezi mitatu.

Nilikwenda sokoni kutafuta mbegu za shibiti, kile kiungo cha majani na mbegu ambacho Waingereza huita dill. Kwanza nikaomba "bizari", kwa sababu kwenye Biblia yangu, Mathayo 23:23, Mafarisayo wanalipa zaka za mnanaa na bizari na jira, na niliwahi kuelezwa kuwa bizari ya pale ndiyo shibiti yenyewe. Muuza viungo akanipimia manjano. Nikamwambia siyo hiyo. Akanionyesha bizari nyembamba. Siyo hiyo, kaka, nataka shibiti, ile mbegu Wahindi wanayotafuna wakishamaliza kula. Hapo akatabasamu kama mtu aliyefumbua kitendawili, akachota mbegu za kijani kwenye kopo, akanifungia kwenye gazeti. "Hii hapa, dada. Ndiyo wanayotafuna."

Hakunidanganya. Ndiyo wanayotafuna. Ila ilikuwa shamari, yaani fennel.

Na shamari ikaota, tena kwa fujo! Majani kama nywele za mtoto, kijani cha kupendeza, nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu wote mpaka wa Mwanza. Nilipovuna nikaipika na choroko, nikampelekea jirani yangu wa ghorofa ya juu, bibi wa Kigujarati ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, kama wajukuu zake wanavyomwita. Ba alionja kijiko kimoja, akanyamaza. Akashuka nami mpaka uani, akachuma jani, akalifikicha, akanusa, kisha akacheka hadi akatafuta pa kukaa. "Mwanangu, hii variyali, shamari! Wewe umetupikia choroko ya pipi."

Ba ndiye aliyenitia huu wazimu. Nilipojifungua mtoto wa pili aliniletea kikopo cha mbegu zilizokaangwa kavu na chumvi, akasema kwao mzazi hutafuna hizo kila baada ya kula. Wao huita suva. Nilipotia mdomoni tu nikarudi utotoni: harufu ya ile dawa ya maji ya tumbo, gripe water, tuliyokuwa tunanyweshwa wachanga, ile aliyoibuni William Woodward kule Uingereza mwaka 1851. Kumbe ndani yake mlikuwa na mafuta ya shibiti! Siku ya pili akaleta majani yake, yamepikwa na choroko zilizoparazwa. Nilikula na mkate, nikala na wali, mwisho nikala kwa kijiko nimesimama jikoni mlango umefungwa. Nilipomuuliza anayapata wapi akasema kuna mama humletea, siku nyingine haji. Nikaona nipande mwenyewe.

Baada ya aibu ya shamari nilijifunza kuangalia mbegu. Ya shamari ni nono, ina kijani, ina mistari, imejipinda kidogo. Ya shibiti ni bapa, rangi ya udongo mkavu, na pembeni ina ukingo mweupe-mweupe kama kanzu iliyotiwa tarizi. Ukiitafuna haina ule utamu wa pipi, inawasha kidogo, inapoza ulimi. Ba alinigawia kiganja kimoja kutoka kwenye viungo vyake ambavyo havijakaangwa. Kabla ya kupanda nilihesabu kumi, nikazikunja kwenye kitambaa kibichi ndani ya kifuniko cha kopo, nikaviweka juu ya friji. Siku ya tisa sita zilikuwa zimechomoza. Mbegu za dukani za kupikia wakati mwingine ni kongwe, kwa hiyo jaribu hivyo kwanza.

Sasa aingie shemeji.

Shemeji yangu ana bustani ya nyanya Kibaha na ukimsikiliza utadhani Mungu alipoumba mimea alimpigia simu kwanza. "Shem, mbegu ndogo hazimwagwi hovyo. Unaweka kitaluni, zikifika majani manne unahamisha. Na samadi ya kuku usiipimie, jaza." Nikatii. Nikatengeneza kitalu kwenye trei ya mayai, nikafukia mbegu nusu kidole, nikasubiri wiki mbili na nusu. Ikaota michache, mirefu, myembamba, imeinama kama imechoka kuzaliwa. Nikahamisha miche ishirini na kitu, jioni, kwa upole, na kijiko cha chai. Asubuhi ilikuwa imelala yote. Nikamwagilia. Jioni imelala. Kesho yake kumi na tano imekufa, na ile iliyobaki ilifanya jambo ambalo sikulitegemea: ilipofika urefu wa shubiri moja ikatoa maua. Mmea una matawi matatu, tayari una mwavuli wa maua ya njano kichwani! Sikuvuna hata kijiko.

Shemeji alipokuja akasema sikumwagilia vya kutosha.

Jambo lenyewe ni hili. Shibiti ni ndugu wa karoti na giligilani, ina mzizi mmoja mkuu unaoshuka moja kwa moja chini. Ukiung'oa umeukata hata kama hukuona, na mmea ukiona maisha yake yametikiswa unakimbilia kuzaa mbegu kabla haujafa. Joto nalo linafanya vilevile, na Dar ya Januari mnaijua. Mbegu zake pia hupenda kuona mwanga ili ziote, kwa hiyo ule ukarimu wangu wa kuzifukia nusu kidole ulikuwa kaburi. Na samadi mbichi ya kuku inaupa mmea unene wa haraka usio na nguvu, unaanguka kwa upepo mdogo tu. Yaani katika ushauri ule wote hapakuwa na sentensi moja ya kuokota.

Nikangoja masika yaishe. Mwishoni mwa Mei, kipupwe kinakaribia, nikachukua ndoo tatu za rangi za lita ishirini nilizopewa na fundi (nilimpa elfu tatu za soda kwa zote), nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo na mboji iliyokwisha kuoza kabisa. Ndoo ndefu, si beseni, kwa ajili ya ule mzizi. Nikanyunyiza mbegu juu, nikazigandamiza kwa kiganja, juu yake vumbi la udongo kama unavyonyunyiza chumvi kwenye embe. Basi. Hazikuhama tena.

Shida ikawa kunguru. Hawa kunguru wa Dar ni wa ukoo wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, lakini wa uani kwangu taka hawazitaki, wanataka kuchomoa miche na kuitupa pembeni, hata hawaili. Halafu kuna paka wa ghorofa ya kwanza ambaye akiona udongo laini anajua umeandaliwa kwa ajili yake. Nilijaribu kusimamisha CD za zamani zimeremete. Kunguru walijitazama. Nikajaribu matawi ya miiba ya mdimu mkongwe. Paka alipita katikati kama anacheza kiduku.

Kilichoniokoa ni chandarua. Kilikuwa kimechanika kiasi cha kufaa mbu kuingia na familia, kwa hiyo msinisemee. Nilisimika vijiti vinne kwa kila ndoo, nikakata kipande, nikakifunika juu na kukifunga shingoni mwa ndoo kwa kamba ya mkonge. Kunguru nje, paka nje. Na faida nyingine ambayo sikuipangia: jua la saa saba linachujwa, udongo haukauki haraka, mvua ya ghafla haipigi miche moja kwa moja. Ba alipoona akasema ndoo zangu zinafanana na maharusi watatu. Jina limebaki, mpaka leo wanangu wanasema "mama yuko kwa maharusi".

Miche ilipofika kidole nikaipunguza, ikabaki kama sita kwa ndoo. Kung'oa mmea mzima ulio hai kunauma, lakini ile midogo haikutupwa, niliipasulia kwenye mtindi.

Wiki ya sita nikaanza kuchuma. Asubuhi, kabla jua halijapanda, kwa mkasi, majani ya nje kwanza, katikati unapaacha. Wadudu mafuta waliingia ndoo moja. Niliwapulizia maji ya sabuni jioni mara tatu, wakapungua. Kila baada ya wiki mbili au tatu ninamwaga mbegu kwenye ndoo mpya, kwa sababu ndoo moja haidumu; ikishaamua kutoa maua huibembelezi.

Kwenye kupika nako nimefanya ujinga wangu. Nilichemsha choroko nzima, na majani nikayatia tangu mwanzo, saa nzima jikoni. Nyumba ilinukia mpaka nje, wapita njia walinusa, sisi mezani tulikula majani matupu yasiyo na harufu. Harufu yote iliondoka na mvuke. Ba hutumia choroko zilizoparazwa, zilizolowekwa, ambazo zinaiva upesi: mafuta, bizari nyembamba ilie kidogo, kitunguu saumu, pilipili mbichi, manjano, kisha choroko na maji kidogo, na shibiti fungu zima. Fungu, si kijiko. Pale ni mboga kama mchicha. Ila konzi moja huiacha pembeni, anaitia sufuria ikishaepuliwa na kufunika dakika mbili. Hiyo konzi ya mwisho ndiyo utakayoisikia puani.

Samaki ni rahisi zaidi. Changu, chanja mbavuni, ndani ya zile chanja unasokomeza shibiti iliyopondwa na kitunguu saumu, chumvi na ndimu, unamweka kwenye mkaa. Na wali: Wairani wana pilau lao la shibiti na maharage mapana, wanaliita baghali polo. Mimi nina njegere, natumia njegere. Wali unachemshwa nusu, unachujwa, unapangwa tabaka na majani yaliyokatwa, unafunikwa na kitambaa chini ya kifuniko, moto mdogo. Watu wa pwani tunajigamba kwa damu ya Shiraz, mji wa huko huko Iran, na huu wali mimi sikuwahi kuukuta kwenye sinia lolote la shughuli. Walituletea majina wakasahau shibiti!

Kuyakausha majani niliacha, yanabaki vumbi la kijani. Nayakata, nayachanganya na mafuta, nayagandisha kwenye trei ya barafu, kipande kimoja sufuria moja.

Mbegu zikianza kugeuka kahawia lazima uziwahi, zikikauka zinapukutika zenyewe. Nilikosa mfuko wa karatasi wa kutosha, nikachukua foronya, nikavisha vichwa vya maua, nikafunga, nikakata mashina na kuning'iniza kichwa chini nyuma ya mlango wa stoo. Wiki mbili baadaye nikapiga-piga, mbegu zote ziko ndani ya foronya. Niliifua, naapa niliifua, lakini harufu ya shibiti haiondoki kirahisi. Mume wangu alilalia ile foronya siku nne, ya tano akaniuliza kwa nini kila usiku anaota anakula achari.

Shemeji alikuja Jumapili iliyopita. Alikula sahani mbili za choroko, akaenda kwa maharusi, akainua chandarua, akachungulia, akasema, "Unaona, Shem? Samadi ya kuku." Kisha akaomba mbegu akapande Kibaha. Nikaingia stoo. Kuna makopo mawili: la mbegu bapa, na la zile nono za kijani za mwaka ule wa kwanza.

Nilisimama pale muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.