Siku moja maishani mwangu: mashine ya kamba au ya kisu kwenye kingo za ukoka

Saa 11:45 alfajiri

Jua la Kigoma huchelewa kutoka. Saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, ilhali sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo inapofika saa 12 kamili bado ni giza, na wavuvi wanaoshuka Kibirizi na dagaa ndio kwanza wanazima taa zao. Giza hilo hulitumia kuandaa mafuta. Mashine zangu ni za mipigo miwili: kwa kila lita 1 ya petroli ninatia mililita 20 za oili yake, ninatikisa dumu, kisha ninachuja kwa kitambaa safi.

Leo nilikuwa na mashine mbili za kubeba. Ya kwanza ni yangu, mashine ya kukatia nyasi kwa kamba ya nailoni inayozunguka, ambayo nimefanyia kazi za bustani kwa miaka sita. Ya pili ni ya mwenzangu anayehamia mkoa mwingine. Ni mashine ya kukatia kingo, yenye kisu cha chuma kinachozunguka kwa wima na gurudumu dogo linalotembea juu ya saruji ili kukiongoza. Anaiuza, na alikubali nikae nayo siku nzima kabla sijampa jibu.

Saa 1:30 asubuhi

Tulifika mimi na mpwa wangu kwenye nyumba ya wageni iliyo upande wa Bangwe, mahali ambapo bustani inateremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Njia ya saruji inaikata katikati, urefu wake kama mita 70.

"Shikamoo mama," nilimwamkia msimamizi.

"Marahaba baba. Safari hii nataka njia yangu ionekane imechorwa kwa rula. Mwezi uliopita mlipoondoka ilipendeza, lakini wiki mbili hazikupita nyasi zikawa zimerudi palepale."

Sikumbishia, kwa sababu alisema kweli, na kosa halikuwa la uvivu wetu.

Saa 2:00 asubuhi

Upande wa kushoto nilianza na mashine ya kamba. Ili ikate ukingo, huna budi kuigeuza ubavu, kamba izunguke wima badala ya kulala, kisha utembee taratibu huku mkono ukishikilia umbali uleule hatua kwa hatua. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana hakuna gurudumu wala reli ya kukuongoza; mkono ukichoka na kushuka kidogo, kamba inachimba shimo, ukipanda kidogo, inaacha kisiki cha majani. Aidha, kamba inapogusa saruji inalika upesi. Kwa mita 70 hizo niligonga kichwa cha mashine chini mara nyingi ili kamba mpya itoke, na kila kipande kilichokatika kilibaki kwenye udongo. Jambo hilo linanisumbua kila ninapofanya kazi kwenye mteremko huu, kwa kuwa mvua ikinyesha, maji yote ya bustani hii yanaishia ziwani, nayo nailoni haiozi.

Nilipomaliza nilipiga goti, nikaingiza vidole kwenye mpaka wa udongo na saruji. Juu kulikuwa safi kabisa. Chini, kama vidole viwili kwenda ndani, vilikuwepo vishina vyeupe vya ukoka, vigumu kama waya, vimejipanga sambamba na njia vikisubiri kuchomoza. Ukoka hutambaa juu ya ardhi na pia chini yake. Kamba ilikuwa imekata majani na vile vinavyotambaa juu. Vya chini haikuvigusa hata kimoja. Nilimwita mama msimamizi aje aone mwenyewe kwa nini wiki mbili hazipiti.

Saa 4:00 asubuhi

Kabla ya kuwasha mashine ya kisu kwa upande wa kulia nilimwuliza mama msimamizi bomba la maji linapita wapi. Alituonyesha mahali linapokatiza njia, na mpwa wangu alipofukua kwa mkono alilikuta si mbali na uso wa ardhi, bomba la plastiki tu. Tukaweka kijiti pande zote mbili ili nikifika hapo ninyanyue kisu. Swali hilo ni la lazima, kwa kuwa kisu kinachoingia ardhini sentimita 3 au 4 hakichagui mzizi na bomba.

Mvua ya juzi ilikuwa imelainisha udongo bila kuufanya tope, na hali hiyo ndiyo inayofaa. Mara ya kwanza nilikata kina kidogo, nikarudia kwa kina zaidi. Nilipopitisha chepe kwenye mfereji mwembamba uliobaki, ukanda wa ukoka uliokuwa umeilalia saruji ulinyanyuka mzima kama mkeka unaokunjwa, upana wa kiganja, pamoja na vile vishina vyeupe. Chini yake saruji ilionekana ikiwa na unyevu na rangi ya zamani, na njia ikapanuka mbele ya macho yetu. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, kumbe njia ilikuwa kubwa hivi!" Mimi nilinyamaza nikiitazama mistari ile miwili, wa kushoto unaoyumba na wa kulia ulionyooka.

Saa 7:00 mchana

Tulikula ugali na migebuka kivulini. Nilimweleza kijana kwamba mashine ya kamba ilizaliwa kutokana na mashine ya kingo. Mwaka 1971, huko Houston, Marekani, George Ballas aliona brashi zinazozunguka kwenye mtambo wa kuoshea magari, akatoboa kopo, akapitisha mshipi wa kuvulia kwenye matundu, na akalifunga kwenye mashine yake ya kingo. Mpwa wangu akauliza kama nasi tungeweza kutumia mshipi wa wavuvi. Niliwahi kujaribu, ule mwembamba unakatika kabla hujafika mbali.

Saa 9:00 alasiri

Kazi ya pili ilikuwa Ujiji, kwa mzee mmoja ambaye vitanda vyake vya maua vimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Hapa mashine ya kisu haikumaliza hata hatua kumi. Gurudumu halikuwa na pa kutembelea, kisu kiligonga jiwe, cheche zikaruka, na nilipozima nilikuta ncha moja imemeguka. Nilisimamisha jaribio palepale. Mashine ya kamba ilizunguka mawe yote kwa nusu saa, ikiingia katika kila pembe, na mzee akaridhika. Pale penye mche wa mwembe pekee tulipalilia kwa mkono, kwa sababu kamba ikichubua gome la mti mchanga pande zote, mti unakufa taratibu.

Saa 11:30 jioni

Nilipiga hesabu nikiwa barazani. Wateja wangu wengi wana kingo za mawe, matofali yaliyolazwa mshazari au udongo mtupu. Wenye njia za saruji ndefu ni wawili tu. Nao hawahitaji kisu kila wiki. Kikipita mara moja mvua zinapoanza Novemba na mara nyingine zinapokatika kuelekea Mei, katikati mashine ya kamba inatosha kufuata mstari uliokwisha kuchorwa.

Nilimpigia mwenzangu, nikamweleza kwanza habari za ile ncha na kwamba kisu kipya nitakilipia mimi. Kisha nikamwambia sitainunua, ila atakayeinunua, kama ni mtu wa hapa mjini, anipe namba yake ili niwe ninaikodi mara mbili kwa mwaka. Alikubali. Baada ya hapo nilichukua tupa, nikaanza kunoa chepe, kwa kuwa upande wa kushoto wa ile njia ya Bangwe bado una vishina chini, na nimemwahidi mama msimamizi kurudi kesho asubuhi kuutengeneza kwa mkono.