Wajawazito, madungu na bamvua: tulivyokaa pamoja kijijini kwetu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, kule ambako ukitaka kwenda kwa jirani unavuka mkono wa mto katikati ya mikoko. Zahanati tunayo. Ila damu ikimtoka mama kupita kiasi, au akianza dalili za kifafa cha mimba, hana budi kuvushwa bara. Na kuvuka kwetu kunataka maji.

Usiku ulionitia kwenye kazi hii ulikuwa wa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana alfajiri na alasiri, kisha hukupwa kabisa kama saa nne, saa tano, asubuhi na usiku. Sisi tulitoka dunguni, kibanda cha kulindia shamba, saa tatu usiku, uchungu umeshamkolea mama, na nusu ya njia mtumbwi ukakaa. Kijito chote tope. Mumewe akashuka kusukuma, akazama mpaka mapajani, mtumbwi haukusogea hata shubiri. Nahodha aliegemea upondo wake akanyamaza. Nilimshika mama mkono, taa ya simu mdomoni, tukangoja bahari irudi. Ilirudi saa saba. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Mama yule alikuwa na haki ileile aliyonayo mama wa Dar es Salaam. Kwa Sera ya Afya ya 2007, huduma za mjamzito katika vituo vya serikali ni bure. Lakini bure hiyo inaanzia mlangoni pa kituo. Petroli ya boti si bure, na tope halijui sera.

Mwanzo nilikosea. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwahimiza wanawake wawahi bara wiki za mwisho, wakakae kwa ndugu au kwenye nyumba ya mama ngojea. Waliniitikia vizuri na hawakwenda. Mpaka mmoja akaniambia: "Dada, nikiwahi huko, nani ataamia ndege?" Msimu wa mpunga familia nzima huhamia kwenye madungu mashambani, maana ukiacha shamba siku mbili, ndege na nguruwe wamekula chakula cha mwaka. Nilikuwa nawapa elimu watu ambao hawakukosa elimu. Walichokosa ni mtu wa kukaa dunguni kwa niaba yao, na hilo haliamuliwi na mjamzito peke yake.

Ndipo nikataka jambo lisemwe hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mara ya kwanza mwenyekiti aliniweka mwisho, karibu na mengineyo, na wanaume wengi walikuwa wameshaondoka. "Hayo ni ya wanawake na manesi," nilisikia mmoja akisema akipangusa kanzu.

Miezi mitatu iliyofuata niliitumia kutembea. Nilikwenda kwa manahodha na viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, pale wanapotengenezea nyavu, nikawauliza wao wanaonaje, sikuwapa somo. Nikaenda kwa imamu. Nikaenda kwa bi kungwi, ambaye ndiye wanawake wa kwetu humwambia wasiyoyasema kwa mwingine. Ukitaka watu waseme mbele ya kijiji, kwanza wasikilize barazani kwao. Sijaona njia ya mkato.

Mkutano wa pili ulihudhuriwa na mtaalamu wa afya kutoka nje ya kijiji. Akatusomea habari njema: vifo vya wazazi nchini vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, kwa utafiti wa 2015/16, hadi 104 kwa ule wa 2022. Watu wakapiga makofi. Bi kungwi akasimama, akatoa salamu, akasema: "Tumefurahi, mwanangu. Sasa hao mia na nne waliobaki, wanakaa wapi?"

Kimya. Kisha yule nahodha wa usiku ule akainuka. "Wengine wanakaa kwetu," akasema. "Mimi nimewabeba." Sikuwahi kumsikia akilisema jambo lile. Baada yake walisimama wanaume wanne, mmoja mmoja, kila mtu na mkewe au dada yake. Siku hiyo jambo liliacha kuwa la manesi.

Makubaliano yalipatikana palepale. Manahodha wakachukua kalenda ya zahanati, wakaweka alama siku zote za bamvua na saa za kukupwa. Mkunga akaweka duara jekundu penye tarehe za matarajio. Duara likiangukia bamvua, mama anavushwa kabla. Akina mama wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wakapanga zamu za kuamia ndege kwenye shamba la aliyevuka. Kaya zikachangia mafuta ya boti. Upande wa bara tuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga; namba yake ni 115, ya bure. Gari la wagonjwa lisipopatikana, huja dereva jamii anayelipwa na mfumo. Kwa hiyo mzigo wetu wenyewe ukabaki maji.

Kulikuwa na doa moja. Katika kituo kimoja cha bara mama zetu walikuwa wakipokewa kwa maneno makali: mbona umechelewa, mbona miguu imejaa matope. Sikuandika malalamiko. Tulimwalika muuguzi mmoja wa pale atutembelee, akaja, na wakati wa kurudi maji yakamkupwia. Alitembea kwenye tope na viatu mkononi mpaka boti ilipokuwa. Tangu hapo tukivusha mtu tunampigia simu, na yeye huja mlangoni kumpokea.

Yako ambayo hayajakaa sawa. Mchango wa mafuta hulegea mpunga ukiisha mkononi, na zamu za madungu husumbua pale wajawazito wawili wanapokuwa wa shamba moja. Hayo yanarudi mkutanoni, na sasa huwekwa mwanzo wa ajenda.

Juzi mwezi umeandama. Kwenye kalenda kuna duara mbili. Mama wa kwanza ameshavuka, yuko kwa shangazi yake. Wa pili amesema kesho, akimaliza kupura, ataondoka na maji ya alasiri. Nahodha ameshajaza dumu.