Bati linalovuja usiku wa nyota

"Fundi, bati zako zinavuja." Mama aliyenipigia anakaa juu kidogo ya mji wa Kisoro, Uganda, na ilikuwa Juni, mwezi ambao huku kwetu mvua imeshakatika. Nikamuuliza: zinavuja usiku wa mawingu au wa nyota? Akanyamaza kidogo. "Wa nyota."

Basi nikaenda bila hata nyundo.

Bati lililotoboka hudondosha mahali pamoja, pale msumari ulipolegea, tena mvua ikinyesha. Haya ya mama yalikuwa yamelowa upande wote wa chini, vitone vidogo vidogo vikiteremka na mlalo wa paa hadi vikutane na ubao, ndipo vinaangukia kitandani. Maji hayo yalikuwa ya humo humo chumbani: watoto na wakubwa wamelala pamoja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, na sufuria ya maharage imechemka ndani mpaka usiku.

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Kwa nyuzi 20, mita moja ya ujazo inaweza kubeba kama gramu 17 za mvuke. Kwa nyuzi 10, kama gramu 9 tu. Mvuke unaozidi hugeuka maji pale hewa inapogusa kitu cha baridi, na hakuna cha baridi kama bati. Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani hadi linapoa kuliko hewa iliyolizunguka. Mawingu yakiwepo, hurudisha sehemu ya joto hilo, ndiyo maana niliulizia nyota. Daktari mmoja wa London, William Charles Wells, aliyaeleza haya mwaka 1814 akichunguza umande. Alikuwa akiacha sufu nje usiku, kisha anaipima uzito.

Paa la nyasi halina tabia hii, kwani nyasi nene huzuia upande wa ndani usipoe.

Wapo mafundi ambao wangempaka lami juu na kuchukua pesa. Lami izibe nini, na tundu halipo? Nilimfungulia matundu ya hewa juu ya ukuta, pande mbili zinazotazamana, nikaweka wavu wa kuzuia popo. Sufuria nikamwomba aihamishie nje; hilo halikumpendeza. Dari ya kutenga hewa ya chumbani na bati, amesema ningoje auze viazi.