Jinsi Tulivyopanga Kwenda Disneyland Paris Msimu wa Wageni Wachache

Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za Pwani kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kuutazama msimu wa wageni wachache kutoka upande wa mwenyeji. Kwetu Mombasa, masika yanapoanza kunyesha kati ya Aprili na Juni, bei za vyumba hushuka, lakini huo ndio wakati kuta zinapopakwa rangi, bwawa la kuogelea linapokaushwa ili lizibwe nyufa, na baadhi ya mikahawa inapofungwa. Mgeni anayelijua hilo mapema hufurahia utulivu na bei nafuu, na asiyelijua hufika mapokezi akiwa amekasirika. Kwa hiyo tulipoamua, mimi na mume wangu, kuwapeleka watoto wetu wawili Disneyland Paris, ile bustani kubwa ya michezo na mitambo ya kupanda, sikuanza kwa kuuliza jua huwaka lini Ufaransa. Niliuliza ni lini watoto wa Ufaransa wako darasani, na ni lini mafundi wa bustani ile hufanya ukarabati wao.

Swali la kwanza lina jibu lililoandikwa. Wizara ya Elimu ya Ufaransa hutangaza kalenda ya shule mapema sana, nayo imeigawa nchi katika kanda 3, A, B na C, ambazo likizo zake za majira ya baridi na za Aprili hupishana. Ndiyo maana Februari, ambayo mtu wa mbali angeidhania kuwa tupu kwa sababu ya baridi, huwa na watu wengi kwa wiki kadhaa mfululizo: kanda moja ikirudi shuleni, nyingine inafunga. Likizo ya mwisho wa Oktoba na ile ya Krismasi, kinyume chake, huwa za nchi nzima kwa pamoja, na baina ya hizo mbili hubaki wiki kadhaa za Novemba na mwanzo wa Desemba ambapo shule zote zimefunguliwa. Hapo ndipo kalenda ya Kenya ilipotubeba, kwa kuwa shule zetu za msingi hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba na watoto hukaa nyumbani hadi Januari. Mzazi anayeishi Ulaya hawezi kuzitumia wiki hizo bila kumtoa mtoto shuleni, ilhali sisi wa Kenya tunapewa bila kuomba. Nashangaa kuona familia nyingi za huku zikisubiri hadi Krismasi, wakati nauli za ndege na foleni zote zimepanda.

Ndani ya wiki hizo kuna siku za kuepuka. Tarehe 11 Novemba ni sikukuu ya taifa ya kukumbuka mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ikiangukia Jumanne au Alhamisi, Wafaransa wengi huiunganisha na wikiendi na kupata siku 4 za mapumziko. Jumatano nayo si siku ya kawaida, kwa sababu watoto wengi wa shule za msingi za Ufaransa hawaendi darasani siku hiyo au huenda asubuhi tu. Jumatatu na Ijumaa hupokea waliorefusha wikiendi. Tulibaki na Jumanne na Alhamisi za wiki inayofuata sikukuu hiyo, tukaweka siku ya kupumzika katikati, jambo lililowafaa sana watoto.

Tiketi hatukununua papo hapo. Bustani hiyo huuza tiketi za tarehe maalumu ambazo bei yake hushuka siku za watu wachache, na kishawishi cha kukimbilia bei ni kikubwa, lakini kwanza nilisoma orodha ya mitambo itakayofungwa kwa ukarabati, ambayo hutolewa kwenye tovuti yao rasmi. Nilikaa na watoto, kila mmoja akataja vitu vitatu ambavyo asingependa kuvikosa, tukavilinganisha na orodha kabla ya kulipa. Nilipima pia kimo chao ukutani bila viatu, kwa kuwa treni ya mlimani ya Big Thunder Mountain inataka angalau sentimita 102, treni ya gizani ya Space Mountain inataka 120, na ile ya Indiana Jones inataka 140. Ni vyema mtoto aambiwe nyumbani kwamba kitu fulani hakimfai bado, kuliko kurudishwa akiwa ameshafika mbele ya foleni. Bustani ya pili ya Disney iliyo jirani tuliiacha kwa makusudi, kwa sababu ya kwanza, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, inatosha kabisa kwa watoto wadogo.

Viza ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na kwa uchache siku 15 kabla, na tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kwa kuwa tulikusudia kulala kwa dada yangu anayeishi Torcy, mashariki ya Paris, ilimlazimu aombe hati ya ukaribisho katika ofisi ya meya wa mji wake, akalipia stempu ya yuro 30, akatutumia hati halisi. Ningemshauri kila mwenye mwenyeji aianzishe shughuli hiyo mapema kabisa, kwani miadi katika ofisi hizo huweza kuchelewa, na bila karatasi hiyo faili halijakamilika. Sisi tulisubiri hati ifike ndipo tukapanda treni ya SGR kwenda Nairobi kuwasilisha maombi.

Mavazi ya baridi tuliyapata soko la Kongowea. Katika joto la Mombasa hakuna anayegombania majaketi mazito, kwa hiyo wauza mitumba huyauza kwa bei ya kuachia. Nilichagua yenye zipu nzima, kofia na bitana ya manyoya, nikalipulizia kila moja maji kidogo juu ya bega ili nione kama yanateleza au yanaingia. Glavu na soksi za sufu alituletea dada uwanja wa ndege. Kutoka Charles de Gaulle kuna treni ya kasi inayofika Marne-la-Vallée–Chessy, mlangoni pa bustani, kwa dakika kama 10, na kutoka hapo Torcy ni vituo vichache kwa RER A, treni ya abiria ya Paris na vitongoji vyake. Tangu Januari 2025 tiketi moja ya treni za RER hutumika kwa nauli moja katika mkoa mzima wa Paris, ukiacha safari za uwanja wa ndege, jambo lililofanya kulala kwa dada kuwa nafuu kuliko hoteli yoyote ya karibu.

Wageni wa kawaida huruhusiwa kuingia saa tatu na nusu asubuhi. Tulifika kabla ya hapo tukiwa na mahamri ambayo mama mkubwa wao alituamkia kukaanga, tukaelekea moja kwa moja Big Thunder Mountain. Mlima wake umejengwa kwenye kisiwa katikati ya ziwa, na treni huondoka ng'ambo, ikazama gizani chini ya maji, kisha ikaibukia kisiwani ikipanda. Mdogo aliogopa, basi tukatumia utaratibu wao wa wazazi kupokezana: mmoja hupanda huku mwingine akibaki na mtoto, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya. Hadi adhuhuri tulikuwa tumemaliza vyote vilivyokuwa kwenye orodha ya watoto.

Baridi ilipozidi, tulipita katika zile njia mbili zilizoezekwa pande zote za Main Street, barabara kuu ya bustani, ambazo humfikisha mtu karibu na kasri bila kulowa wala kupigwa na upepo. Chini ya kasri kuna pango lenye joka kubwa lililofungwa minyororo, likipumua moshi na kufumbua macho polepole. Katika pilikapilika za Agosti watu hulipita mbio. Sisi tulikaa hapo muda mrefu, mdogo akilihesabu kucha.

Jua la Novemba huzama karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo taa za Krismasi, ambazo huwa zimeshawekwa kufikia katikati ya mwezi huo, huonekana mapema na watoto hawalazimiki kukesha. Mwenye vijana wakubwa wanaotaka kurudia mitambo ya kasi mchana kutwa huenda akapendelea Juni mwanzoni, siku zikiwa ndefu. Kwa watoto wa umri wa wangu, nimeshazitia wiki zilezile za Novemba kwenye kalenda kwa ajili ya binamu zao, na dada ameshaulizia miadi ya ofisi ya meya.