Nilivyouza chupa za filta hapa Dar bila kumtishia mtu kipindupindu

Wadada wengi wanaotaka kuanza biashara wananiuliza nawezaje kuuza chupa za filta hapa Dar, kwahiyo leo naandika lote hapa, nikisema nimjibu kila mtu inboksi nitakesha. Mimi nauza chupa za maji zenye filta, zile za stili za kuta mbili zenye rangi nzuri, kwenye mrija wake ndani kuna kichujio, unajaza maji ya bomba unavuta unakunywa. Niko Tabata, mzigo nachukua kwa mwagizaji pale Kariakoo, mtaji ulikuwa hela ya kikoba tu. Na kikubwa nilichokigundua ni kwamba mtu wa Dar hanunui filta, ananunua chupa. Filta ndo inakuja kumrudisha kwako baadae.

Wauzaji wengi wa hivi vitu wanaanza na magonjwa. Unakuta posti ina picha ya mdudu amekuzwa kwenye darubini, chini wameandika UNAKUNYWA NINI NDUGU YANGU. Sasa huyo ndugu yako ameishi mji huu, kipindupindu kile cha Agosti 2015 kilianzia hapahapa Dar na anakikumbuka, tangu mdogo anaambiwa achemshe maji, amewahi kutumia WaterGuard ile dawa ya kutibu maji, na maji ya Kandoro yale ya kufungwa kwenye mfuko amekunywa stendi akiwa anajua kabisa anachofanya. Humtishi. Mwenye hela yake alishaamua siku nyingi kwamba ananunua maji ya dukani, asiye nayo anachemsha au anakunywa hivyohivyo na maisha yanaenda. Kwahiyo unayeshindana naye wewe ni yule kijana anayekimbia na maji ya mia tano kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, mdudu hahusiki kabisa hapo.

Mazingira nayo hayauzi, niseme ukweli. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na watu wakaiacha kwasababu kulikuwa na faini, sio kwamba tuliamka siku hiyo tunaipenda bahari. Ukimwambia mteja wa kawaida hii chupa inaokoa samaki anakuuliza bei ya mwisho. Hilo nawawekea mashirika wanaotaka chupa za semina zenye nembo yao, hao wanalipenda sana.

Hesabu ya hela nayo niliijaribu na hii ni ya kweli kabisa, mtu anakunywa maji madogo mawili kwa siku hiyo ni buku, mwezi elfu thelathini, mimi chupa nauza 38,000 na filta ya kubadilisha 9,000. Kwa karatasi mtu anaona faida mwenyewe, anatingisha kichwa, anakwambia aisee kweli, halafu anaondoka. Maana mia tano inatoka kidogokidogo haiumi ila elfu thelathini na nane inatoka kwa mkupuo na inauma, hasa tarehe ishirini na kitu huko. Dawa ya hilo nikaipata kwenye michezo ya maofisini, ile ya kuchangiana hela na kupeana kwa zamu. Kila ofisi hapa mjini ina kina dada wanaocheza mchezo na mchezo una kijumbe wake anayekusanya hela, huyo kijumbe ndo mtu wa kuongea naye, achana na meneja. Nikakubaliana naye kila anayetaka chupa anakatwa kidogo kila wiki pamoja na hela yake ya mchezo, ikifika nusu natoa mzigo, inayobaki anaendelea kukusanya yeye, na yeye chupa yake anapata bure na anachagua rangi wa kwanza. Hela ikishapita kwa kijumbe hakuna wa kukukimbia, hakuna anayetaka aibu na kijumbe. Huyu mama mmoja wa ofisi ya Posta mpaka leo ananiuzia kuliko kurasa zangu zote za Instagram na wala hana simu ya maana.

Sasa tuje kwenye chupa yenyewe. Swali la kwanza la kila mteja, na nasema kila mteja, ni je inatunza baridi. Sio inachuja vipi, sio inaua nini. Inatunza baridi? Joto la Dar la Januari unalijua. Ndo maana nikaachana na zile za plastiki hata kama ni nyepesi na bei yake chini, nikashika za stili. Swali la pili inavuja kwenye pochi? Hapo nashika chupa imejaa maji naipindua juu ya simu yangu mwenyewe, sijawahi kuhitaji maneno zaidi ya hapo. La tatu ni rangi. Filta wanauliza mwisho kabisa tena wengine kwa heshima tu.

Kwahiyo nguvu zangu zote nikazipeleka kwenye watu wanaoonekana. Sio masupastaa, staa anakudai hela ya kiwanja aweke picha inayokaa siku moja. Niliwapa chupa mwalimu wa jimu mmoja Sinza, kiongozi wa klabu ya jogging Temeke wale wa Jumapili alfajiri, na wasusi. Wasusi ndo waliofanya kazi kuliko wote. Fikiria mwenyewe mtu anasukwa masaa manne matano amekaa palepale, simu imeisha chaji, umbea umeisha, mbele yake kwenye kioo kuna chupa ya kijani iliyokoza imeandikwa jina la msusi kwa leza, msusi kila dakika kumi anavuta maji ya baridi na mteja kaletewa maji ya dukani yameshapata moto. Atauliza tu. Na msusi sikumfundisha tangazo lolote nilimwambia ukiulizwa sema bei na sema umeipata wapi basi, kila chupa ikitoka una elfu tatu yako nakutumia kwenye simu jioni hiyohiyo. Hiyo jioni hiyohiyo ni muhimu, ukimsubirisha msusi mpaka mwisho wa mwezi ataanza kuuza vijora vya mtu mwingine.

Jina la leza nalo lilikuja kubadilisha mambo kuliko nilivyotegemea. Kariakoo mafundi wa kuchonga kwa leza wapo wengi, wanaandika kwenye vikombe, ngao, kalamu, bei yao inashuka ukipeleka nyingi kwa pamoja. Chupa ikishaandikwa Mama Junior haiazimwi, haiibiwi ofisini, na mwenye nayo anaipost mwenyewe. Kutoka hapo nikaingia kwenye kamati za sherehe. Kitchen party na sendofu zinahangaika sana na zawadi za wageni, watu wameshachoka na vibakuli na vitambaa vya jikoni, mi nikaja na chupa ya rangi ya sare yao ina jina la bibi harusi na tarehe. Mwenyekiti wa kamati moja kule Segerea alinikazia bei mpaka nikataka kulia,

"Mdogo wangu sisi tunachukua nyingi, tupunguzie bwana, hii ni shughuli ya mtoto wetu."

"Shangazi bei nimeshapunguza, nitakachofanya nitakuwekea yako jina lako na filta mbili za akiba."

"Jina langu lote na la ubini?"

"Lote shangazi."

Ikaisha. Na kila mgeni aliyetoka pale na chupa ni mteja wangu wa filta, ndo maana sikuumia sana na bei.

Hapa kwenye filta sasa ndo nataka mnielewe maana wauzaji wengi wanadanganya na siku mteja akigundua umemaliza. Mimi nina aina mbili. Ya kwanza ni ya mkaa tu, ile kaboni, hiyo inaondoa harufu na ladha ya klorini, yale maji ya bomba yanayonuka dawa ukiyavuta yanatoka safi kabisa mdomoni, na hilo ndo jaribio ninalowafanyia watu, najaza maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, mbele yake naye anaonja. Ila mkaa huo haumalizi vijidudu, maji yanatakiwa yawe yameshatibiwa tayari. Ya pili ina nyuzi nyembamba zenye matundu madogo, zangu ni za 0.2 maikroni (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), hiyo inazuia bakteria hata wa kipindupindu maana ni mkubwa kuliko hilo tundu. Virusi haizuii. Kirusi cha homa ya ini aina A ni kidogo sana kwenye hilo tundu kinapita zake. Kwahiyo mtu mwenye simtanki halijaoshwa mwaka mzima namwambia chukua ya nyuzi, na yale maji ya mtaroni wakati wa mvua chemsha kama mama alivyokufundisha.

Kuna wanaofanya mchezo wa kutia rangi ya chakula kwenye maji halafu yanatoka meupe, watu wanapiga makofi. Mkaa unanasa rangi kweli lakini hiyo haikwambii chochote kuhusu bakteria, mi sifanyi huo mchezo. Na ukienda kuchukua mzigo mwambie mwagizaji akuoneshe karatasi ya vipimo vya filta, ukiona wameandika NSF 42 (NSF ni shirika la Marekani la viwango) hiyo ni ladha, harufu na klorini, mambo ya kiafya kama madini ya risasi yako kwenye NSF 53, wengi wanakuonesha ya kwanza wanakuuzia kwa maneno ya ya pili.

Chumvi ndo swali gumu zaidi la Dar. Visima vya chumvi viko kila kona na watu wanadhani filta itatoa chumvi. Haitoi. Sio yangu tu, hakuna filta ya chupa ya kuvuta kwa mdomo ya namna hii inayotoa chumvi, hiyo ni kazi ya mitambo ya kusukuma maji kwa presha kwenye utando. Dada mmoja wa Mbagala nilimwambia hivyohivyo, dada usinunue kwa ajili ya hicho kisima, akashangaa muuzaji anakataa hela, akanunua baadae ya kubebea ofisini na akaniletea wenzake. Wa Arusha pia, kule Arumeru maji yana floraidi watoto meno yanakuwa ya kahawia, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo kule vinazidi mbali, mkaa wa kawaida huu hauifanyii kitu cha maana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa kuondoa hiyo floraidi. Oda za kule za "meno ya mtoto" nazikataa.

Moshi nilienda kipindi cha Kilimanjaro Marathon mwisho wa Februari nikauza vizuri kwa wakimbiaji, lakini waongoza watalii walinifaa zaidi maana mlimani chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi na wageni wanatafuta kitu. Hao nawapa onyo moja tu, filta ya nyuzi ikishalowa isigande. Usiku kule kambi ya Barafu maji yanaganda, nyuzi zinapasuka ndani na huwezi kuona kwa macho, unaendelea kuvuta ukijua unachuja kumbe hamna kitu. Ilale nayo kwenye begi la kulalia.

Hela yenyewe iko kwenye kubadilisha. Nina daftari, jina la mteja, namba, tarehe aliyochukua, aina ya filta. Filta ya mkaa naambia miezi miwili, mtu wa maji mengi mapema zaidi, na ikikaa imelowa bila kutumika muda mrefu inatupwa maana inageuka nyumba ya vijidudu vyenyewe. Tarehe ikikaribia namtumia meseji WhatsApp kwa jina lake, sio ile ya kutuma kwa watu mia, namuandikia mama Junior filta yako inaisha wiki hii nimpe boda akuletee? Wengi wanajibu tuma. Faida ya filta ni ndogo lakini haina kelele, hakuna anayebishana bei ya filta.

Mtandaoni kuna vitu vichache tu. Bei naweka wazi kwenye picha, huu ugonjwa wetu wa bei inboksi unafukuza watu. Wakati wa Ramadhani siweki vidio ya mtu anakunywa maji ya baridi mchana, hiyo ni kutafuta kutukanwa, naposti baada ya futari na naongelea zawadi za Idi. Na vidio iliyotembea kuliko zote ni ya konda wa daladala anapindua chupa kichwani kwa abiria haidondoki tone, wala sio mimi niliyeirekodi.

Sasa hivi chupa za kufanana na zangu zimejaa Kariakoo kwa bei ya chini na hazina filta za kubadilisha, mtu ananunua miezi miwili anabaki na kopo. Wanakuja kwangu. Baadhi zinaingia filta zangu na nyingine hesi za kufungia, ile mizunguko ya kama skrubu, hazilingani kabisa hata kama kwa macho ni zilezile, kwahiyo jamani msinitumie picha mkaniuliza itaingia, njoo na kile kichujio cha zamani tukipime hapahapa, Jumapili sifungui.